Kumfuata Tremblay: kutoka msitu wa Perche hadi Saguenay

Jumatatu, Mortagne-au-Perche

Nimetoka Paris alfajiri na gari la kukodi. Kilomita 150 hivi kuelekea magharibi barabara ikaanza kupanda na kushuka, mashamba yakafungwa kwa nyua za vichaka, na farasi wakaanza kuonekana. Ni wale wazito wa kijivu waitwao Percheron, ambao karne ya 19 ndio waliokuwa wakivuta mabasi ya Paris. Asili yao ni hapa Perche, nchi ndogo isiyo na cheo chochote cha kiserikali leo, ila wenyeji bado wanaitaja kana kwamba ina mipaka na askari.

Kilichonileta ni jina. Naishi Montréal, na mtu yeyote aliyekaa jimbo la Québec, Kanada, anajua kwamba wiki haiishi bila kukutana na Tremblay. Fundi bomba ni Tremblay, mwalimu wa mtoto ni Tremblay, anayekukatia bima ya gari ni Tremblay. Kuna miaka meya wa Montréal alikuwa Gérald Tremblay na meya wa Saguenay alikuwa Jean Tremblay, kwa wakati mmoja, na siasa zao hazikufanana hata kidogo. Taasisi ya Takwimu ya Québec ilipopanga majina ya ukoo mwaka 2006, hili lilikuwa la kwanza: zaidi kidogo ya mtu mmoja katika kila mia. Halafu unakuja Ufaransa, kwenye asili ya jina lenyewe, na linapotea. Huku Martin ndiye anayeongoza. Tremblay wapo, lakini ni wachache, na unaweza kusimama kwenye foleni za ofisi za Ufaransa mwaka mzima usisikie likiitwa.

Nataka kuona lilipitia wapi.

Mortagne imekaa juu ya kilima, mitaa myembamba, nyumba za mawe. Inasifika kwa soseji ya damu, nami si mlaji wa damu, kwa hiyo chakula cha mchana kimekuwa mkate na jibini. Hapa ndipo hadithi inapoanzia, kwa mtu asiyekuwa Tremblay. Robert Giffard, tabibu mwenye asili ya Perche, alikwenda Québec, akaipenda, na mwaka 1634 akapewa milki ya Beauport, nje kidogo ya mji huo. Ardhi bila watu ni msitu tu, naye akawatafuta watu kwao: mafundi mawe, maseremala, wakulima. Kati ya waliotoka Mortagne alikuwemo seremala Zacharie Cloutier. Nitamrudia huyu mzee, kwa sababu ndiye anayeharibu hesabu za watu wanaodhani wingi wa jina ni wingi wa damu.

Jumanne, Tourouvre na Randonnai

Siku ndefu, na ndiyo niliyoisubiri.

Asubuhi Tourouvre. Kanisa la Saint-Aubin lina madirisha mawili ya vioo vya rangi ambayo sijawahi kuona mfano wake. Kwa kawaida vioo vya kanisani ni watakatifu na malaika. Hapa kioo kimoja kinaonyesha kijana, Julien Mercier, akiaga kwao mwaka 1650 kwenda Kanada. Cha pili kinaonyesha mwaka 1891, mtu wa ukoo wake, Honoré Mercier, waziri mkuu wa Québec, akirudi kupokewa kwa heshima zote. Yaani kijiji kimeweka uhamiaji wa vijana wake mahali pa ibada. Nilikaa mbele ya vile vioo muda mrefu kuliko nilivyokaa makumbusho, ingawa makumbusho yenyewe, yanayohusu Wafaransa waliohamia Kanada, yamepangwa vizuri.

Nilichojifunza ni udogo wa jambo lenyewe. Waliotoka Perche karne ya 17 hawafiki mia tatu kwa hesabu za kawaida za wanahistoria, watoto wakiwemo. Hawakufukuzwa na njaa wala vita. Waliajiriwa. Ndugu wawili wa hapa Tourouvre, Noël na Jean Juchereau, walifanya kazi ya kuandikisha watu, na mkataba wa kawaida ulikuwa wa miaka mitatu: nauli ya kwenda, chakula, mshahara mdogo, kisha uamuzi ni wako, kubaki au kurudi. Wengi walioajiriwa kwa mikataba ya namna hii kutoka pande zote za Ufaransa walirudi. Wa Perche walibaki kwa wingi usio wa kawaida, nadhani kwa sababu walikwenda na ndugu, mashemeji na majirani, wakajikuta ugenini wamezungukwa na kwao.

Mchana nikaenda Randonnai, dakika chache kwa gari, msitu mkubwa pande zote. Tangu 2016 Randonnai, Tourouvre na vijiji jirani vimeunganishwa kuwa wilaya moja, Tourouvre au Perche. Pierre Tremblay, ambaye akina Tremblay wa Kanada wanatokana naye, alizaliwa hapa mwaka 1626 hivi. Baba yake Philibert, mama yake Jeanne Coignet. Wakulima. Mwaka 1647, akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, aliingia mkataba wa kwenda kumfanyia kazi Giffard, na kijiji hakikumwona tena.

Tunajua haya kwa sababu ya makaratasi. Mwaka 1539 mfalme François wa Kwanza alitoa amri ya Villers-Cotterêts, na kati ya mengi iliyoyaagiza, mapadri walitakiwa kuandika ubatizo. Kabla ya hapo ubini ulikuwa jambo la kuelea: mtu angeweza kuitwa kwa kazi yake, kwa umbo lake, au kwa mahali anapokaa. Daftari likamshika pale alipo. Aliyekuwa akiitwa kwa kichaka kilicho karibu na nyumba yake alibaki na kichaka hicho, na wajukuu wake nao.

Kwa Tremblay kichaka hicho ni cha mti uitwao *tremble*, ndugu wa mpopla, na *tremblay* ni mahali ilipoota mingi. Kilatini kilisema *tremuletum*. Niliiona kandokando ya njia ya msituni. Upepo ulikuwa mdogo kiasi cha kutotikisa kitu kingine chochote, lakini majani yake yalikuwa yakicheza. Kikonyo cha jani kimebapa, hakina nguvu ya kulizuia upande kwa upande, hivyo hewa ikipita tu jani linageuka. Jina la namna hii linaweza kuzaliwa popote penye miti hiyo, na ndivyo ilivyokuwa: ramani ya Ufaransa ina Tremblay-en-France karibu na uwanja wa ndege wa Paris, ina Tremblay-les-Villages si mbali na hapa, na nyingine ndogondogo. Yule mtawa mshauri wa Kardinali Richelieu, Padri Joseph, jina lake la nyumbani lilikuwa François Leclerc du Tremblay. Hana undugu wowote na mkulima wetu. Koo za Tremblay za Ufaransa ni nyingi, kila moja na kichaka chake, na hakuna hata moja iliyokua kubwa.

Mont-Tremblant, mlima wa kuteleza kwenye theluji ambao kila mtu wa Montréal anaujua, haumo. Jina lake linatokana na imani ya Waalgonquin, wenyeji wa asili wa huko, kuhusu mlima unaotetemeka. Nalitaja kwa sababu nimeulizwa mara nyingi.

Jumatano, barabarani

Kutwa nzima kwenye usukani kuelekea La Rochelle. Mvua. Nilipita kwanza Soligny kuona monasteri ya La Trappe, ilikoanzia jumuiya ya watawa wakimya, kisha sikusimama tena ila kwa mafuta.

Alhamisi, La Rochelle na Chambon

Bandari ya zamani ya La Rochelle inalindwa na minara ya mawe, na watalii wanakula chaza mbele yake. Humu ndimo meli nyingi za kwenda Québec zilimong'oa nanga. Baadaye mji huohuo ulikuwa moja ya bandari kubwa za Ufaransa za biashara ya watumwa, na nyumba nzuri nzuri za mjini zina mkono wa biashara hiyo. Makumbusho ya Nouveau Monde hayafichi, wala mimi sikuona sababu ya kupita kimya.

Lakini nilikuja kwa ajili ya Ozanne. Ozanne Achon alizaliwa Chambon, kijiji cha mashamba tambarare mashariki ya hapa, yapata 1633. Alivuka bahari mwaka 1657. Wale mabinti walioletwa kwa gharama ya mfalme, wapatao 800, walianza kwenda 1663. Yeye aliwatangulia, akiwa mmoja wa wasichana wachache waliokwenda kuolewa kabla serikali haijageuza jambo hilo kuwa mpango. Koloni lilikuwa na wanaume wengi wasio na wake. Alifika, na tarehe 2 Oktoba mwaka huohuo akafunga ndoa na Pierre mjini Québec.

Chambon hakuna vioo vya rangi vya kumwonyesha akiondoka. Nilizunguka kanisa, nikazunguka tena, nikanunua maji dukani. Mama muuzaji aliuliza kama nimepotea njia. Nikamwambia naulizia mwanamke aliyetoka hapa, na leo wanaotokana naye ni umma wa watu. Akasema, "Aa, yule wa akina Tremblay." Anamjua kwa jina la mume. Jina Achon halikwenda popote kule Québec, kwa kuwa mwanamke hakuwa na njia ya kulipitisha. Kila Tremblay wa Kanada ni nusu kwa nusu mtoto wa Randonnai na wa Chambon, lakini kitabu cha simu kilijua upande mmoja.

Ijumaa, angani

Saa saba za kukaa, nikasoma hesabu.

Mwaka 1873 Mwingereza Francis Galton aliuliza swali lililokuwa likiwasumbua watu wa tabaka lake: kwa nini majina ya familia kubwa hufutika? Padri mwanahisabati, Henry William Watson, alimsaidia kulikokotoa. Chukua wanaume mia wenye majina tofauti. Baadhi hawatazaa mtoto wa kiume. Majina yao yamekwisha hapohapo. Kizazi kinachofuata vivyo hivyo. Jina halihitaji msiba ili life, linahitaji mabinti watupu katika kizazi kimoja. Watson alihitimisha kwamba mwishowe majina yote yatakufa, na hapo aliteleza. Mfaransa Irénée-Jules Bienaymé alikuwa amelipata jibu sahihi tangu 1845: kama wastani wa watoto wa kiume ni mmoja au chini yake, jina litakufa, ukizidi mmoja, lipo jina litakalopona, na likipona hukua bila breki.

Sasa mweke Pierre kwenye hesabu hiyo. Yeye na Ozanne walipata watoto kumi na wawili, na wavulana wanne, Pierre, Michel, Jacques na Louis, waliacha uzao. Wanne! Ufaransa ya wakati ule, yenye mashamba yaliyokwisha kugawanywa vipande na watoto waliokufa kwa wingi, ingewapa wanne hao nini? Québec iliwapa ardhi. Kila mmoja aliweza kuoa mapema na kupata kiwanja chake, na watoto wake nao vilevile. Koloni lilikuwa na Wafaransa wapatao 70,000 tu Waingereza walipolichukua, na kutoka hapo wakaongezeka wao kwa wao, bila meli mpya za kutoka Ufaransa kuleta majina mapya. Nasaba ndefu hazikuwa na la kufanya na bahati hii. Ni vitanda vingi na ardhi isiyokwisha, au iliyodhaniwa haiishi.

Na Cloutier? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal waliounganisha daftari zote za makanisa ya Québec walihesabu wazao wa kila mhamiaji hadi mwaka 1800. Aliyeongoza ni Zacharie Cloutier, seremala wa Mortagne, na wazao 10,850. Ndiye babu mkubwa kuliko wote, lakini jina Cloutier halimo hata kwenye mstari wa mbele. Damu yake ilipita sana kwa mabinti, ikabadilisha ubini kila ilipoolewa. Tremblay si ukoo ulioshinda kuzaa. Ni ukoo ambao wavulana wake walifuatana.

Jumapili, Québec na L'Ange-Gardien

Uchovu wa safari. Nimelala hadi saa tano.

Mchana nimeendesha Avenue Royale, barabara kongwe inayofuata kingo ya mto Saint-Laurent. Imepita maporomoko ya Montmorency, yenye kimo cha mita 83, kisha ikaingia L'Ange-Gardien. Hapa ndipo Pierre na Ozanne walipofungua shamba lao. Mashamba ya hapa bado yana umbo la karne ya 17, vipande vyembamba virefu vinavyoanzia mtoni na kupanda mlimani, ili kila mtu apate maji, majani, shamba na kuni. Kandokando ya barabara kuna maghala madogo ya mawe yaliyochimbwa kwenye kingo, ya kuhifadhi viazi na karoti wakati wa baridi. Ukipita na gari kwa kasi unayakosa.

Upungufu wa mpango huu unaonekana ukisimama tu. Kipande chembamba kinagawika mara ngapi? Watoto wa kiume wa kizazi cha pili walianza kuteremka na mto kutafuta pao, na hapo jina likaondoka kwenye kingo hii.

Jumatatu, Charlevoix

Nimelala Baie-Saint-Paul. Mji mzuri, bei mbaya.

Kutoka hapa barabara 362 inapanda hadi Les Éboulements. Nchi yote hii ni sehemu ya shimo lililochimbwa na kimondo kilichoanguka mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, na jina la kijiji limetokana na maporomoko ya ardhi ya tetemeko la Februari 5, 1663. Siku hiyo Pierre na Ozanne walikuwa tayari na watoto wadogo huko juu ya mto. Mtoto wao mkubwa wa kiume, Pierre wa pili, aliipata milki ya Les Éboulements mwaka 1710. Mjukuu wa mkulima mdogo wa Randonnai akawa bwana wa ardhi, anayekusanya kodi na kusagisha nafaka za watu. Kinu cha maji cha milki hiyo, cha mwishoni mwa karne ya 18, bado kimesimama juu ya maporomoko, nami nimelipa kuingia kuona mawe yake.

Mchana nikavuka kwenda Isle-aux-Coudres kwa kivuko, bure. Jacques Cartier alikipa kisiwa jina hilo mwaka 1535 kwa miti aliyoikuta. Kwenye makaburi ya kisiwani niliacha kuhesabu upesi: Tremblay, Tremblay, Harvey, Tremblay, Desgagnés, Dufour, Tremblay. Mzee aliyekuwa akimwagilia maua akaniuliza namtafuta nani. Nikasema natafuta Tremblay. Akacheka mpaka akaweka ndoo chini.

Akanieleza walivyojiweza. Jina likiwa moja kijijini kizima halitambulishi mtu tena, kwa hiyo hulitumii. Mtu anaitwa kwa baba na babu, fulani wa fulani wa fulani, kama tunavyomtofautisha Juma wa Hamisi wa Ali na Juma wa Hamisi wa Saidi, na familia zilizokuwa na jina la utani zikalibeba hadi kwenye karatasi za serikali kwa neno *dit*, yaani aitwaye. Karani wa posta, kasema mzee, alikuwa akijua nasaba kuliko padri.

Jumanne, barabara 381 hadi La Baie

Kilomita za milima, misonobari, na tahadhari za moose, paa wakubwa wa kaskazini, ambao sikuwaona, namshukuru Mungu. Barabara hii inaunganisha Charlevoix na Saguenay, na ndiyo hatua ya tatu ya jina.

Mwaka 1838 nchi ya Saguenay ilikuwa bado imefungwa kwa walowezi. Ilikuwa eneo la mfalme la biashara ya manyoya, mikononi mwa kampuni ya Hudson's Bay, na zaidi ya hapo ni nchi ya Wainnu, wenyeji wa asili, ambao hawakuulizwa. Charlevoix kulikuwa kumejaa. Wanaume ishirini na mmoja wa La Malbaie wakachanga fedha, wakaunda ushirika ulioitwa kwa idadi yao, Société des Vingt-et-Un, wakapewa leseni ya kukata misonobari, na kiangazi cha 1838 wakateremka Grande-Baie, ilipo La Baie ya leo. Leseni ilikuwa ya mbao. Nia ilikuwa mashamba, na kila mtu alijua. Kiongozi wao alikuwa Alexis Tremblay, *dit* Picoté. *Picote* ndiyo ndui kwa lugha ya wakati ule; inaelekea makovu ya mtu mmoja yaliwapa jina watu wa nyumba nzima. Baada ya miaka michache ushirika ulizidiwa na madeni, na William Price, mfanyabiashara wa mbao, akachukua mitambo yao. Watu walibaki.

Ndivyo jina lilivyopita kwenye chujio mara tatu. Perche ilitoa watu wachache. Charlevoix ilitokana na familia chache za kingo ya Beaupré, ile yenye L'Ange-Gardien. Saguenay ilijazwa, miaka yake ya kwanza, na watu wa Charlevoix. Kila mara kundi dogo lilianza upya na kuzaa sana, na kila mara Tremblay walikuwa wengi kidogo kuliko wengine kwenye kundi hilo dogo.

Jumatano, Chicoutimi

Chujio halichuji majina tu. Kila kundi dogo lilibeba pia urithi wake wa damu, mzuri na mbaya. Ugonjwa wa tyrosinemia aina ya kwanza, unaoharibu ini la mtoto, ni nadra sana duniani. Mkoa huu uliwahi kupata takriban mtoto 1 kati ya 1,850, na mtu 1 kati ya 20 hivi hubeba jeni lake bila kuumwa. Upo ugonjwa mwingine wa neva unaodhoofisha mwendo ambao kwenye vitabu vya tiba umepewa jina la mikoa hii miwili, Charlevoix-Saguenay. Leo watoto wachanga wanapimwa, tyrosinemia ina dawa, na watu wenye asili ya mikoa hii wanaotaka kuzaa hupimwa bure kwa magonjwa manne ya kurithi. Watu wa nje hupenda kusema ni ndoa za ndugu. Si hivyo. Wanaooana hapa si mabinamu wa karibu. Wanakutana kwa mababu wa mbali, wengi, walewale.

Haya yamejulikana kwa kazi ya hifadhi ya BALSAC, iliyoanzishwa na mwanahistoria Gérard Bouchard katika chuo kikuu cha hapa mwanzoni mwa miaka ya 1970: mamilioni ya vyeti vya ubatizo, ndoa na vifo, vikaunganishwa mtu kwa mtu. Amri ya mfalme ya 1539 imefika mbali.

Mchana nilimtembelea dada mmoja wa Bukavu, muuguzi, aliyehamia Chicoutimi na familia yake. Akanipikia sombe, majani ya mihogo kayaagiza Montréal. "Yaya, pa kazi wauguzi wenyi wanaitwa Tremblay ni wengi mpaka tunaita watu kwa jina la kwanza na ghorofa," akasema. "Tremblay wa tatu, Tremblay wa ine. Miye tu ndiye mwenyi jina langu hapatikani wa pili." Mwanawe yuko shule ya msingi, na rafiki zake watatu wa karibu, unajua mwenyewe.

Alhamisi, Mashteuiatsh na Alma

Ziwa Saint-Jean, ambalo Wainnu wanaliita Pekuakami, halina ng'ambo ukilitazama siku ya ukungu. Asubuhi nimekuwa Mashteuiatsh, jamii ya Wainnu upande wa magharibi wa ziwa, kwenye makumbusho yao. Ramani ya ukutani inaonyesha njia za mitumbwi na uwindaji zilizokuwepo kabla ya kanisa la kwanza. Nilipoitazama ile ardhi "isiyokwisha" ya hesabu zangu za ndegeni ikawa na wenyewe.

Usiku nimelala Alma kwa mume na mke wanaokodisha vyumba. Supu ya *gourganes*, yale maharage mapana wanayojivunia, kisha pai ya nyama ya masaa mengi motoni. Waliniuliza mapema kama nala nguruwe wakaweka ng'ombe na kuku. Wote wawili ni Tremblay. Yeye Tremblay kwa baba, na mkewe Tremblay kwa baba. Walipooana, mwanzoni mwa miaka ya 1980, sheria mpya ilikuwa imeanza kutumika: tangu Aprili 1981 mwanamke wa Québec anabaki na jina alilozaliwa nalo, hata akitaka la mume kwenye vyeti hapewi. Mama akaniambia alikuwa mmoja wa wanawake wachache mkoani ambao sheria ile haikuwagusa kabisa.

Nikawaeleza habari za Marekani, kwa kuwa hawakuwa nazo: waliovuka mpaka kwenda Vermont na Michigan waliandikwa jinsi makarani walivyosikia, na wajukuu wao leo ni Trombley na Trombly. Mzee akaiandika Trombley kwenye kitambaa cha karatasi, akaigeuza huku na huku, akasema angalau wale wanapata barua zao.

Sheria ileile ya 1981 inaruhusu mtoto kupewa majina mawili, la mama na la baba, kwa kistari katikati. Walipompeleka binti yao kuandikishwa, yule karani kijana, akifuata utaratibu, aliwauliza kwa heshima kama wanataka mtoto abebe yote mawili. Walitazamana. "Tremblay-Tremblay," mzee akamjibu, "tuandikie hivyohivyo." Mkewe akamkanyaga mguu.

Karani naye, wakaja kujua alipopiga sahihi, alikuwa Gagnon. Kwao ni La Ventrouze, jirani kabisa na Tourouvre.